Mali ya Magendo: Tuipime kwa Mizani Gani?

Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyehalalisha biashara na kuharamisha riba. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye kabla ya utume alikuwa mfanyabiashara mwaminifu, na ziwashukie Aali zake na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Miongoni mwa mas'ala yanayoletwa mbele ya maimamu wetu, hasa wakati wa kugawa mirathi, ni hili: mzee amefariki, ameacha nyumba, duka na shamba, na watoto wake wanajua kwamba rasilimali ya kwanza aliipata katika miaka ya 1970 au 1980 kwa njia ya magendo. Je, mali hiyo ni halali kurithiwa? Je, inafaa kuhijia au kujengea msikiti?

Wapo wanaojibu haraka kuwa ni haramu, kwa kuwa serikali ilikataza. Na wapo wanaojibu haraka vilevile kuwa ni halali, kwa kuwa sheria za serikali si sheria za Mwenyezi Mungu. Majibu yote mawili yana upungufu, na chanzo cha upungufu huo ni kimoja: kulichukua neno magendo kana kwamba ni hukumu ya kisheria. Magendo ni jina lililobandikwa juu ya mambo mengi yasiyofanana. Kwa hiyo tutatazama kwanza historia, kisha tutarejea kwa mafuqahaa, ndipo tutoe jibu.

ZAMA ZA UHABA

Mwezi wa Februari 1967 Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha. Mabenki yakataifishwa, na biashara ya jumla na ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikawekwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa. Baadaye kila mkoa ukawa na kampuni yake ya biashara. Nafaka zilinunuliwa na Shirika la Taifa la Usagishaji kwa bei iliyopangwa na serikali. Mwaka 1973 ikatungwa sheria ya kudhibiti bei, na Tume ya Bei ikapewa mamlaka ya kupanga bei za bidhaa nyingi nchi nzima. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, ambapo maduka mengi ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Mengi ya maduka hayo mapya hayakuweza kazi, na vijiji vingine vikabaki bila mahali pa kununua chumvi.

Lazima tuseme kwa insafu kwamba nia iliyotangazwa ilikuwa njema: kumkinga mnyonge asinyonywe. Na mitihani ilikuwa mingi. Ukame ulipiga kati ya 1973 na 1975, bei ya mafuta ya petroli ikapanda duniani mwaka 1973 na tena 1979, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa, kisha vikaja vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni zikaisha. Sabuni, sukari, unga, khanga, betri na mafuta ya kupikia vikawa vitu vya foleni na mgao. Anayekumbuka maduka ya kaya anakumbuka pia kusimama tangu alfajiri na kurudi mikono mitupu.

Hapo ndipo lilipokua soko la pili. Mkulima aliyeona bei ya shirika hairudishi hata gharama za jembe lake alimuuzia mtu aliyekuja usiku na lori. Mfanyakazi ambaye mshahara wake haukufika katikati ya mwezi alimfungulia mkewe mradi wa maandazi au kuku. Kijana wa mpakani alivusha kahawa na ng'ombe kwenda Kenya, akarudi na sabuni na nguo. Kisiwani Pemba, ambako ndiko karafuu nyingi za Zanzibar hutoka, mkulima alilazimika kuliuzia shirika la serikali peke yake kwa sehemu ndogo ya bei ya dunia. Basi mashua zikawa zinatoka usiku kuelekea pwani ya Kenya.

Hali hii haikuwa ya Tanzania pekee. Huko Uganda chini ya Idi Amin neno hilohilo la Kiswahili, magendo, lilitumika kwa uchumi mzima wa nchi. Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapanda duniani, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa wingi kwenda Kenya kupitia soko la Chepkube mpakani, na katika miaka ya 1976 na 1977 wengi walitajirika hapo.

VITA VYA MWAKA 1983

Mwezi wa Machi 1983, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine aliongoza vita dhidi ya walanguzi, waliopewa jina la wahujumu uchumi. Neno hilo ni letu, limetoka katika Kiarabu, hujum, yaani mashambulizi. Mwenye magunia ya sukari akawa kama adui aliyeivamia nchi. Watu walikamatwa kwa mamia, bidhaa zikatolewa katika maghala, na pesa zikafukuliwa zilikofichwa. Wengine kwa hofu walitupa usiku sabuni, vitambaa na vyakula porini na majalalani.

Sheria ya Uhujumu Uchumi ilipitishwa baada ya ukamataji kuanza, ikarudishwa nyuma ili ihalalishe yaliyokwisha kutendwa. Ikaundwa mahakama maalumu. Mtuhumiwa hakuwa na haki ya dhamana wala ya wakili. Mwaka huohuo ikapitishwa sheria ya Nguvukazi, na watu wa mijini wasio na ajira iliyotambuliwa wakasombwa kupelekwa mashambani, wakiwemo wachuuzi wadogo.

Haikupita muda mrefu mambo yakabadilika. Mwaka 1984 sheria ile iliondolewa, ikawekwa nyingine iliyorejesha baadhi ya haki za mtuhumiwa. Marehemu Sokoine, ambaye watu wengi walimsifu kwa uadilifu wake binafsi, alifariki katika ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984. Katika bajeti ya mwaka huo wenye fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa fedha hizo wamezipata wapi. Alhaj Ali Hassan Mwinyi alikuwa ameshaanza kulegeza biashara Zanzibar alipokuwa Rais huko mwaka 1984, na alipokuwa Rais wa Muungano mwaka 1985 watu wakamwita Mzee Ruksa. Wanafunzi wa fiqhi wanalijua neno rukhsa: ni wepesi unaotolewa kwa sababu ya udhuru. Kilichokuwa uhujumu mwezi Machi 1983 kikawa biashara katikati ya 1984.

Hapa ndipo msomaji ajiulize. Ikiwa kitendo kilekile, cha mtu yuleyule, kwa bidhaa ileile, kilikuwa jinai mwaka huu na ruksa mwaka ujao, je, hukumu ya Allah nayo ilibadilika? Hatuwezi kujibu bila ya kupambanua.

MAFUQAHAA NA BEI YA SERIKALI

Msingi wa biashara ni uhalali kwa kuridhiana, kama inavyofahamika kutokana na aya ya 29 ya Suratun Nisaa. Na katika suala la kupanga bei ipo hadithi mashuhuri ya Anas (R.A.), waliyoipokea Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Bei zilipanda Madina, watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie. Akakataa, akawaeleza kwamba Allah ndiye mwenye kuzuia na kukunjua riziki, na kwamba yeye anatarajia kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala ya mali. Angalia vizuri: Mtume (S.A.W.) aliihesabu bei ya kulazimisha kuwa ni jambo linaloweza kuingia katika dhulma ya mali.

Kwa hadithi hii maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wakasema kuwa kupanga bei kwa nguvu ni haramu. Wengine, na hasa Ibn Taymiyya katika kitabu chake cha Hisba na mwanafunzi wake Ibn al-Qayyim, walipambanua. Bei ya kumlazimisha mtu auze kwa hasara bila haki ni dhulma. Lakini bei ya kuwazuia wafanyabiashara wanaohodhi chakula watu wakiwa na dharura ni uadilifu, na huenda ikawa wajibu. Na kauli hii ina nguvu, kwani kuhodhi chakula, yaani ihtikar, kumekatazwa katika hadithi sahihi ya Ma'mar (R.A.) aliyoipokea Muslim.

Sasa tufike kwenye nukta inayotuhusu zaidi. Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) katika Rawdha alizungumzia hasa hali hii: mtawala amepanga bei, na muuzaji akauza kinyume chake. Akataja kuwa muuzaji anastahiki kutiwa adabu. Ama akdi ya kuuza yenyewe, zipo kauli mbili, na iliyo sahihi zaidi kwake ni kwamba uuzaji unasihi.

Hebu tuizingatie hukumu hii. Adabu ni kwa ajili ya kumkhalifu mtawala waziwazi, jambo linaloleta fujo. Lakini bidhaa imehama kihalali kwenda kwa mnunuzi, na thamani yake imehama kihalali kwenda kwa muuzaji. Kosa la kukiuka amri na uharamu wa mali ni mambo mawili, na Imamu hakuyachanganya. Yule anayesema kila senti ya magendo ni haramu hana budi kuijibu kauli hii ya madhehebu yake mwenyewe.

Na yule anayesema amri ya serikali haina uzito wowote naye asifurahi mapema. Katika Bughyatul Mustarshidin, kitabu kinachotumika sana katika darsa za mwambao wetu, imeelezwa kuwa amri ya mtawala katika jambo la mubaha ikiwa na maslaha ya umma inalazimu kutiiwa kwa dhahiri na kwa batini. Isipokuwa na maslaha hayo, hutiiwa kwa dhahiri tu kwa kuepuka fitina. Kwa hiyo mtu hujiuliza: katazo hili lina maslaha ya watu, au ni la kulinda faida ya wachache? Jibu halipatikani kwa matamanio ya nafsi, hasa nafsi ya mwenye kutaka kupata faida.

MAGENDO YALIYO HARAMU HATA YAKIRUHUSIWA

Mfano wa katazo lenye maslaha tunao katika historia ya pwani yetu. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said, kwa shinikizo la Waingereza, alitia saini mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa baharini na kufunga masoko yao. Magendo yakaanza mara moja. Misafara ikatembezwa nchi kavu kutoka Kilwa kuelekea kaskazini, hata mwaka 1876 ikabidi atoe tangazo la kupiga marufuku misafara hiyo pia. Majahazi yakaendelea kuvuka usiku na watu chini ya shehena. Wafanyabiashara wale nao walikuwa na ujasiri, mtandao na hesabu kali za hatari na faida. Lakini walichouza ni wanadamu, na wengi wao walikuwa watu huru waliotekwa. Mtume (S.A.W.) katika hadithi ya Bukhari amemtaja anayemuuza mtu huru na kula thamani yake miongoni mwa watatu ambao Allah atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama. Sababu za kisiasa za Waingereza hazibadilishi hukumu hiyo. Kwa hiyo ujanja wa kukwepa doria si sifa wala si lawama mpaka tujue kilichomo ndani ya jahazi.

Vivyo hivyo kwa zama za uhaba. Wakati wa msako walitiwa kapu moja watu ambao kisheria wako mbalimbali. Alikuwapo meneja wa duka la umma aliyepewa amana ya magunia mia, akauza ishirini mbele na themanini kwa mlango wa nyuma. Huyu ni khaini wa amana, na mali aliyoila ni ya umma. Alikuwapo aliyehodhi chakula akisubiri watu wazidiwe. Huyu ni muhtakiri. Alikuwapo aliyechanganya mchanga na mchele au kupunguza mizani. Huyu ni mwenye ghushi. Alikuwapo aliyebadilisha fedha za kigeni kwa ahadi ya kulipa baadaye na kwa ziada. Huyu aliingia katika riba, kwa kuwa kubadilishana fedha kunashurutisha kukabidhiana papo hapo. Na alikuwapo mama aliyeuza mchele wa shamba lake mwenyewe, kwa mizani kamili, kwa jirani aliyeridhia bei. Huyu alikosa nini mbele ya Allah zaidi ya kukosa kibali?

WALIOTANGULIA WALIMWONA NANI KUWA CHANZO?

Wanahistoria wa Kiislamu hawakuwa wepesi wa kumtupia mchuuzi lawama zote. Ibn Khaldun katika Mukaddima ameweka mlango maalumu kueleza kuwa mtawala akijiingiza katika biashara huwadhuru raia na kuharibu mapato ya dola yenyewe, kwani hakuna anayeweza kushindana naye na watu hukata tamaa ya kuzalisha. Baada yake Sultan Barsbay wa Misri (1422 hadi 1438) aliifanya biashara ya pilipili na sukari kuwa ya dola, na wafanyabiashara wakaumia. Naye al-Maqrizi, ambaye aliwahi kuwa muhtasib wa Cairo, yaani msimamizi wa masoko anayezijua hila zote za wachuuzi, alipoandika juu ya njaa ya Misri hakuanza na wachuuzi. Alitaja vyeo kununuliwa kwa rushwa, gharama za ardhi kupandishwa, na sarafu za shaba kujazwa sokoni.

Mfano wa karibu ni karafuu. Kwa miaka mingi magendo ya karafuu yalipigwa vita kwa doria na adhabu, nayo hayakukoma. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha sana bei ya kununulia karafuu, na siasa yake ikawa kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Magendo yakapungua sana. Doria iliendelea, lakini bei ndiyo iliyomshawishi mkulima. Haki ilipomfikia, hakuwa tena na haja ya kuhatarisha mashua usiku.

JIBU LA MAS'ALA

Baada ya maelezo haya, tunamshauri imamu anayeulizwa juu ya mali ya magendo asianze na neno magendo. Aulize mambo manne.

Kwanza, kitu kilichouzwa ni kipi? Kikiwa haramu kwa dhati yake au chenye kuangamiza watu, kama ulevi na dawa za kulevya, hakuna mjadala, hata kama wanaovusha ni maskini.

Pili, kitu kilikuwa cha nani? Kikiwa cha wizi au cha amana ya umma, mali hiyo haimilikiwi kwa kupita miaka wala kwa kufa aliyeichukua. Warithi wairudishe kwa mwenyewe au warithi wake. Asipojulikana, au ikiwa ni haki ya umma, itolewe katika maslaha ya Waislamu na watu wote, kama alivyoeleza Imamu Ghazali katika Ihya na akamkubali Nawawi. Wala isidaiwe kuwa ni sadaka ya marehemu, kwani huko ni kujivua na haki ya mtu.

Tatu, akdi ilikuwaje? Kama ndani yake kulikuwa na riba au ghushi, kinachorudishwa ni kile kilichochukuliwa bila haki, na rasilimali iliyo halali hubaki halali.

Nne, ni amri ipi iliyokiukwa? Kama mambo matatu ya mwanzo yamesalimika, na kilichobaki ni kukosa kibali au kuvuka bei ya serikali, basi kwa kauli ya Nawawi uuzaji ulisihi na mali ni halali kwa warithi. Kama katazo lilikuwa na maslaha, marehemu aombewe maghufira kwa kukhalifu kwake.

Ama wale waliookota bidhaa zilizotupwa mwaka 1983, wasidhani kuwa zilikuwa mali isiyo na mwenyewe. Mafuqahaa wa Shafi wamesema kuwa mzigo unaotupwa baharini kwa kuogopa chombo kuzama hubaki kuwa wa mwenyewe. Aliyetupa kwa hofu hakutoa zawadi. Anayemjua mwenye mali amtafute, yeye au watoto wake.

Na wale waliodhulumiwa katika msako ule, wakavunjiwa heshima kwa magunia mawili ya mchele wa shamba lao, haki yao haikupotea mbele ya Mola. Uislamu haumwadhibu mtu kabla ya kumfikishia katazo, na umeweka ushahidi juu ya anayedai. Yako majumba ambayo hadi leo watoto huitwa watoto wa mlanguzi. Haifai kwa Muislamu kulitumia jina hilo bila ya kujua baba yao alikuwa nani kati ya wale tuliowataja.

Kwa vijana wetu wanaochuuza barabarani na mipakani leo tunasema: chukueni vibali mnapovipata, lipeni ushuru mnaodaiwa, wala msitoe rushwa ili mle haki ya mwingine. Na kwa wenye mamlaka tunasema: wapeni watu njia ya halali iliyo wazi na nyepesi, kwani muhtasib wa zamani alikuwa na kazi ya kuwapa watu nafasi sokoni, hakuwa na kazi ya kuwafukuza tu.

Allah atutosheleze kwa halali Yake tusihitajie haramu Yake. Wallahu aalam.